Mume wangu anazungumza nami nisipokuwepo

Mama mshauri mpendwa,

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu natumaini u mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kama mafua haya ya kipupwe yamewapitia, Mungu awaondolee. Sijui kama kwa umri ni mimi wa kukuamkia au ni wewe wa kuniamkia, lakini mtu anayesikiliza shida za watu wote mimi namhesabu mkubwa, kwa hiyo shikamoo. Huku kwangu mwili si haba, nalima na nasali, ila moyo ndio unaonisumbua, na naomba unisaidie kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia, na kwa nini sina utaona mwenyewe ukisoma.

Mimi ni mwanamke wa Handeni, shule niliishia darasa la pili na iliyobaki nimeongezea kwenye elimu ya watu wazima, basi mwandiko univumilie. Majina nakuandikia ya kweli maana sijui kusema uongo kwenye karatasi, lakini ukilichapa jambo hili yabadilishe na kijiji usikitaje, kwa sababu gazeti hapa kwetu linasomwa kwa sauti jioni darasani, mmoja anasoma na wengine tunasikiliza, na mimi nakaa mstari wa mbele.

Mume wangu anaitwa Mdoe. Watoto wetu wameshatawanyika, wa mwisho ni Swaumu ambaye ameolewa Mpale kule Korogwe, na kwa jina lake watu wananiita Mama Swaumu. Kabla ya kuhamia kijijini tulikaa mbali, nyumba yetu peke yake, ukitaka kuomba moto kwa jirani unatembea mpaka jasho likutoke. Mdoe ni mtu wa maneno. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na mtoto aliyelelewa na mama asiyesikia hujifunza kusema kwa nguvu, basi hata tukiwa wawili tu jikoni alikuwa anasema kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Jioni tukishakula ndipo anapoanza, "Mama Swaumu, leo umekosa," ananipa habari za siku nzima, nani kasema nini, nani kaanguka na baiskeli, anamwiga kila mtu kwa sauti yake, tena kwa Kizigua kitupu, nami nacheka mpaka namwomba aniache nipumue. Ndivyo tulivyolala miaka yote, redio hatukuwa nayo wala hatukuitamani.

Mwaka jana tukahamia kijijini kama wengine. Sisemi kijiji ni kibaya, maji ya bomba tunayo na zahanati ipo, na hata kalamu hii nimeishika sawasawa nikiwa hapa hapa. Lakini nyumba zimepangwa mistari, ukikohoa jirani anakuitikia pole. Nyumba inayofuata yetu ni ya Semboja na mkewe Raheli, Wasambaa walioshuka kutoka milimani, Wakristo, watu wema, tunaazimana chumvi na kinu.

Jioni moja, tulikuwa hatujakaa sana hapa, Mdoe alianza habari zake kama kawaida, kisha katikati akaziacha, akasema anamkumbuka mama yake, maana kaburi lake tumeliacha kule nyumbani kwa zamani na alikuwa na desturi ya kulipitia kila asubuhi akienda shamba, anasimama, anamwamkia, ndipo anaendelea na safari. Akalia. Mzee mwenye mvi, Mama, alilia kwa sauti ile ile anayosemea.

Asubuhi tulikuwa kwenye shamba la kijiji, watu wamejipanga na majembe, Raheli akaweka jembe chini akamjia Mdoe mbele ya wote, akamwambia, "Shikamoo, baba. Pole na mama. Jana tumekusikia ukimlilia, hata sisi usingizi haukuja." Uso wake niliuona, alimaanisha pole. Lakini wanaume wa mstari ule walikuwa wameshasikia, mmoja akasema, "Mzee Mdoe, kumbe bado unanyonya?" na mwingine akadakia, "Mwacheni, saa nne atapewa uji." Wakacheka, na kicheko cha shambani unakijua, kinapita mstari mzima mpaka asiyejua kinachochekwa naye anacheka. Mimi niliinama nikaendelea kupalilia.

Tangu siku hiyo mume wangu nyumbani hazungumzi. Anasema "maji," anasema "funga mlango," anaitikia salamu, basi. Nikimwuliza umeshindaje anasema salama, naye akiniuliza nami nasema salama, tunapeana salama zetu mpaka tunalala. Ugomvi hakuna, na chakula anakula, tena anashukuru, na sala hakosi hata moja. Nikasema itapita, haikupita, na mimi moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu, nikienda zahanati wananipa vidonge vya kuongeza damu, na nikisujudu machozi yanalowesha mkeka na sijui nayalilia nini.

Sasa shamba letu la zamani bado tunalilima, na wakati mahindi yanakomaa Mdoe alijenga dungu kule, kile kilingo cha miti cha kukaa juu na kulinda ngedere na nguruwe wasile mazao. Hilo ni la kawaida, kila mtu analinda. Lakini tumevuna, mahindi yako darini, shambani yamebaki mabua, na yeye bado anakwenda kulinda. Akimaliza zamu yake kwenye shamba la kijiji anakuja, anasali adhuhuri, anachukua panga lake anaondoka, kurudi ni magharibi.

Wanawake bombani wakaanza. "Mama Swaumu, mzee analinda nini huko, mabua?" Mwingine akasema, "Labda kuna nguruwe wa miguu miwili." Nikacheka nao ili ndoo yangu ijae niondoke, lakini neno lile lilinikaa, na siku moja alasiri nikapika bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda, nikafunga vizuri nikaenda, moyoni nikijua kwamba siendi kupeleka chakula, nakwenda kumwona huyo mwanamke.

Nilipokaribia nikasikia sauti ya Mdoe, ile ya zamani, kubwa, na inacheka. Nikajisogeza kwenye mabua, nikasikia anasema, "Mama Swaumu, leo umekosa. Hiza kaja shambani na viatu vipya vya ngozi, vinamwuma, anatembea kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Aa, ngoja kwanza, usicheke, bado sijafika." Akaendelea, akamwiga Hiza akimwambia bwana shamba kwamba ardhi ya leo ina joto, kisha akanyamaza kama mtu anayengoja mwenzake amalize kucheka. Halafu sauti ikashuka, akasema, "Na hiyo miguu yako? Jana nimekuona unachechemea ukitoka bombani. Si uiloweke kwenye maji ya chumvi. Nawe mbishi, Mama Swaumu." Juu ya dungu alikuwa peke yake.

Mama mshauri, nakuambia lililo moyoni na wewe usinicheke, nilimwonea wivu huyo Mama Swaumu anayezungumzishwa vile, na huyo ni mimi. Mwanamume huyo huyo nyumbani ananiona nachechemea na hasemi kitu, halafu anatembea mpaka shamba kwenda kuniuliza huko ambako sipo. Sikupiga hodi. Niliweka chakula chini ya ngazi nikaondoka kwa haraka kama mwizi, na magharibi akarudi na bakuli ameliosha, akasema, "Asante ya chakula," akaingia kulala.

Nilipoona moyo unanishinda nikaenda Chanika, pale Handeni mjini, kwa kaka yake mkubwa, Abdi, nikamwambia yote. Abdi anampenda mdogo wake, alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Shemeji, mtu akishazungumza na hewa, hapo hakuna cha kungoja. Wasije wakamfunga kamba hapo kijijini watoto wakamfuata nyuma." Anataka kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani, amekwisha tafuta gari la kutuchukua kutoka Kabuku, na mimi niende nao nikamweleze daktari niliyoyasikia. Nikamwuliza, na Mdoe tutamwambiaje, akasema, "Tutamwambia tunakwenda Mpale kumsalimia Swaumu. Atapanda mwenyewe."

Ni kweli atapanda. Akisikia Mpale atavaa kanzu yake nyeupe na atanunua muwa wa kuwapelekea wajukuu, na mimi nitakaa naye garini nikiwa najua. Ndiyo sababu nakuandikia. Je, mume wangu ana wazimu, na mimi kwa kusitasita namcheleweshea dawa? Au hana, na mimi nataka kumfanyia jambo ambalo hataniamini tena mpaka tunazikwa? Na nikikataa, shemeji atasema nimemzuilia ndugu yake matibabu, na likitokea la kutokea lawama ni yangu mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nimeomba, nimesali, sioni njia.

Abdi amesema atakuja baada ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Barua zangu hupitia duka moja pale Kabuku. Naomba unijibu upesi.

Wako katika shida,
Mama Swaumu

JIBU

Mama Swaumu,

Marahaba, mimi ni mkubwa, tena wa kutosha. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote. Jibu hili nimempa kondakta wa basi ndani ya bahasha iliyofungwa, likufikie kwanza wewe, na gazetini litatoka mwezi ukishapita. Majina nimeyabadilisha yote, hata la mwenye viatu. Siku likisomwa darasani kaa mstari wako ule ule wa mbele na usikilize kama wengine.

Kwanza tulia. Kwa hayo uliyoniandikia, mumeo hana wazimu. Anakwenda zamu, anasali kwa wakati, anaosha bakuli, anakushukuru, anajua kuwa jana ulichechemea na anajua kuwa hayupo mtu anayemsikia, ndiyo maana akaenda huko. Aliyeugua akili hachagui mahali. Huyu amechagua, na amechagua kwa busara. Aliyasema maneno yake nyumbani kwake, yakachekwa shambani, basi akayatafutia mahali ambapo hayatachekwa. Watu wengi huzungumza na wanaowapenda wakiwa njiani, wakiwa wanalima, wakiwa wanapepeta. Mimi mwenyewe marehemu mume wangu namweleza bei ya vitu kila nikitoka sokoni.

Sasa nikugombeze, na unisikilize kwa sababu nakupenda. Ulikwenda kumtafuta mwanamke, ukamkuta, ukakuta ni wewe, halafu ukakimbia. Mama Swaumu, mtu anaitwa kwa jina lake namna ile, anaulizwa hali ya miguu yake, anaweka bakuli chini ya ngazi na kuondoka? Halafu ukafanya la pili. Raheli alichukua maneno ya Mdoe akayapeleka shambani, na wewe umeyachukua ukayapeleka Chanika. Raheli alikuwa na nia njema na wewe una nia njema, lakini kwa mwenye maneno ni kitu kimoja. Neno lake limetoka nje ya nyumba mara mbili, na mara ya pili limetokea kwako.

Na kuna mahali umepita haraka kwenye barua yako, nami nimesimama hapo. Umesema wanaume walipocheka uliinama ukaendelea kupalilia. Sikulaumu, nawe ulikuwa na aibu yako, na mwanamke mmoja angewanyamazisha vipi wanaume wote wale? Lakini jioni ile mlipobaki wawili, ulimwambia nini? Hukuandika, na nadhani ni kwa sababu hukumwambia kitu. Ulingoja ipite. Yeye aliuona mgongo wako tu, na mpaka leo hajui kama ulikuwa unacheka au unalia.

Huyo Raheli nami nimsemee, maana kwetu ni milimani huko huko. Kule nyumba ziko ubavuni mwa mlima, mtu wa juu anamwona wa chini, na tunaitana kutoka upande huu wa bonde mpaka ule. Jirani akilia wewe ukakaa kimya, kesho yake watu watakuuliza una roho gani. Kwenu nyumba ziko mbalimbali, mtu akisikia la nyumba ya mwenzake hujifanya hakusikia, na hiyo ndiyo heshima. Mmewekwa mstari mmoja kila mtu na heshima yake, na hakuna aliyewafundisha ya mwenzake. Usimnunie. Mkiwa wawili, mnatwanga, mwambie hivi, "Ya nyumbani kwangu ukiyasikia, mwanangu, yaache hapo hapo. Ukiwa na pole, niletee mimi kwa mlango wa nyuma." Ataelewa, na huenda akalia, maana naye amekwisha ona kwamba mzee hasemi tena.

Tuje kwenye gari. Safari ya Mpale ya uongo haipo. Ukishapata jibu hili mwambie Abdi kwa adabu na kwa neno moja kwamba hutapanda na daktari hutamweleza kitu ambacho mwenyewe hajaelezwa. Hospitali ile si mahali pa aibu, wanaotibiwa pale ni watu na wanapona. Lakini mgonjwa hupelekwa akijua anakokwenda. Nakupa na dalili za kuangalia, uwe na la kumjibu shemeji yako. Mdoe akiacha kula, akiacha kuoga, akikosa usingizi siku baada ya siku, akiwa mbele ya watu akajibu sauti ambazo wengine hawazisikii, au akasema hana haja ya kuishi, hapo usingoje jibu la gazeti, nenda naye zahanati, na umwambie, "Mume wangu, nina wasiwasi nawe, twende wote." Hayo hayapo sasa. Abdi mpe kazi nyingine, aje amsalimie mdogo wake kama ndugu, wale pamoja, asimchunguze.

Na wewe, ule moyo unaokwenda mbio si damu. Vidonge meza kama ulivyoambiwa, havina ubaya, lakini umekosa mtu wa kucheka naye kwa mwaka mzima, ukawa unajibu salama na salama haipo. Mwenzio amefiwa na nyumba, na kaburi la mama yake, na sauti yake mwenyewe. Wewe umefiwa na jioni zako. Wote wawili mko kwenye matanga na kila mmoja anayakaa peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku utakayopata jibu hili, au kesho yake kama limekufikia jua limezama, pika chakula cha watu wawili. Nenda shambani. Usinyemelee. Piga hodi ukiwa bado mbali, kwa sauti kubwa, ili akitaka kunyamaza anyamaze kwa hiari yake. Panda ngazi, kaa. Usimwambie kwamba ulimsikia, si siku hiyo. Mwambie miguu inakuuma na kwenye maji ya chumvi bado hujailoweka, maana amekuuliza na ana haki ya kujibiwa. Kisha mpe habari yoyote ya siku yako, hata kama hujui kuiga watu kama yeye, hata kama haichekeshi.

Ukienda mara kadhaa na maneno yakianza kurudi, hapo mweleze ulivyosimama kwenye mabua na ulivyokwenda Chanika, na umwombe radhi. Atakasirika. Mwache akasirike, huko juu hamna jirani. Akimaliza mwombe mshuke pamoja mkapalilie kaburi la mama, ninyi mna dua zenu, msomeeni. Machozi yakimtoka usimwambie nyamaza, wala usiiname. Mwangalie.

Kuhusu nyumba, mwoneni mwenyekiti wa kijiji awaruhusu kuzungusha ua wa mabua nyuma na kuhamishia jiko huko, mabua si mnayo mengi. Hayatazuia sauti yote, lakini mtu akiwa na ua hujiona yuko kwake. Na mvua za vuli zikianza dungu halitakaliki, kwa hiyo msichelewe.

Huenda siku ya kwanza asiseme neno. Umtolee habari zako zote na yeye aangalie mabua tu mpaka jua lishuke. Kaa naye hivyo hivyo. Usiwe wa kwanza kuteremka.

Mama Serafina